Vikorombwezo vya Magari ya Fahari na Majuto ya Wenyewe

Mtu anayekwenda mnadani kununua ng'ombe huangalia meno, kwato, kiwele na nundu. Muuzaji akimwambia kwamba ng'ombe huyu ana kengele shingoni, na kwa sababu hiyo bei yake ni mara moja na nusu ya wenziwe, watu watamcheka muuzaji huyo hadi mnada uishe. Lakini mnunuzi huyo huyo, siku anapokwenda kununua gari, hulipia kengele. Tena hulipia kengele tano au sita kwa mkupuo, huku akitabasamu.

Kengele za gari kwa lugha ya mitaani huitwa vikorombwezo. Ni kila kitu ambacho gari lingeweza kwenda bila kuwa nacho: paa la kioo linalofunguka, rimu kubwa zinazomeremeta, viti vinavyopashwa joto, mifuko ya upepo badala ya springi, kompyuta inayodai kwamba inaweza kushika usukani yenyewe. Kwenye magari ya kawaida vitu hivyo ni vichache. Kwenye magari ya fahari, hasa haya ya umeme yaliyoingia duniani kwa kishindo tangu miaka ya 2010, vimekuwa biashara kamili yenye bei zake, mikataba yake na majuto yake.

Pengine msikilizaji wa Kewanja atauliza: hayo ya matajiri wa California yananihusu nini mimi niliyeko ng'ambo hii ya mto Mara? Yanahusu sana. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, familia nyingi za Kewanja, Nyangoto, Matongo, Genkuru na vijiji vya jirani zimepisha uchimbaji, na mabishano juu ya fidia hayajapata kwisha. Kazi yangu leo si kuyaamua mabishano hayo. Ninachosema ni kwamba fedha ya fidia huja mara moja tu. Shamba likishakuwa shimo halizai tena mtama wala mahindi, na fedha iliyochukua nafasi ya shamba hilo ikiishia kwenye gari, basi gari hilo ndilo shamba. Kila kikorombwezo kinachoharibika ni kipande cha shamba kinachokwenda na maji.

Sasa tumtazame mzee amesimama mbele ya gari linalong'aa, na dalali, kijana mwenye maneno laini, yuko pembeni.

"Mura, hiki kitufe chenye picha ya gari linalopanda na kushuka ni cha nini?" anauliza mzee.

"Baba, hapo gari linainuka lenyewe na kushuka lenyewe. Hili ni fulu, halina kinachopungua."

Mzee anaridhika. Hakuna aliyemwambia kwamba neno "fulu" lina upande wake wa pili. Gari lisilopungukiwa na kitu ni gari lenye vitu vingi vya kuharibika. Na hapa ndipo kilipo kiini cha mazungumzo yetu ya juma hili. Kikorombwezo hutengenezwa kwa ajili ya mahali fulani. Kinategemea barabara za mahali hapo, hali ya hewa yake, lugha yake, nguvu ya umeme wake na mafundi wake. Kikiondolewa hapo na kuletwa mahali pengine bila hivyo vinavyokitegemeza, kinabaki kuwa uzito na gharama. Mwenye gari wa kwanza, aliyeko Nagoya au San Francisco, alikichagua mwenyewe na mara nyingine akajuta mwenyewe. Sisi wanunuzi wa mkono wa pili huurithi uchaguzi ambao hatukuufanya, na majuto yake tunayarithi pia.

Tuanze na rimu, maana ndizo zinazovuta macho kabla ya kitu kingine chochote.

Kampuni ya Tesla ya Marekani ilipotoa toleo jipya la gari lake kubwa la Model S mwaka 2021, mnunuzi wa ile aina yenye nguvu zaidi aliweza kuchukua rimu za inchi 19 zinazokuja na gari, au kuongeza dola 4,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 10 za wakati huo, apewe za inchi 21. Gari ni lile lile, betri ni ile ile. Lakini vipimo vya serikali ya Marekani vilionyesha kwamba lenye rimu ndogo lilikwenda kilometa 637 kwa chaji moja, na lenye rimu kubwa kilometa 560. Mteja amelipa milioni 10 ili apoteze kilometa 77! Hiyo ni zaidi ya safari ya kutoka Kewanja kwenda Tarime mjini na kurudi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Rimu kubwa na tairi pana ni nzito, na uzito ulioko ukingoni mwa gurudumu unahitaji nguvu nyingi kuuzungusha kila mara gari linapoondoka. Upana nao huongeza msuguano na upepo. Kwenye gari la petroli mtu haoni upesi, atasema tu kwamba mafuta yamepanda bei. Kwenye gari la umeme hasara yenyewe inasomeka kwenye kioo kila asubuhi.

Hata hivyo kwa barabara zetu kuna jambo zito kuliko hilo. Nenda kaangalie ubavuni mwa tairi lolote. Utakuta maandishi kama 265/70 R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimeta. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipimo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo tairi hilo, ambalo ni la kawaida kwenye magari ya kazi, lina ubavu wa asilimia 70 ya milimeta 265, yaani karibu sentimeta 18 na nusu za mpira na upepo kati ya jiwe na chuma. Tairi la mbele la Model S yenye rimu za inchi 21 limeandikwa 265/35. Upana ni ule ule, lakini ubavu ni sentimeta 9 na kidogo. Gari likiingia kwenye shimo kwa kasi, ubavu mfupi unabanwa mpaka mwisho, na pigo lote linapokewa na rimu. Rimu inapinda au inapasuka, na tairi linachanika kwa ndani mahali ambapo fundi wa pancha hana la kufanya.

Wamarekani wenye barabara zao za lami wamelalamika juu ya rimu hizo, wengine wakazivua na kununua ndogo kwa fedha nyingine. Sasa fikiria barabara ya moramu baada ya mvua za masika, malori yameshapita na kuacha mawe yamesimama kama meno. Vijana wetu wanaovua rimu za inchi 16 zilizokuja na gari na kufunga za inchi 20 za kumeremeta wanafanya kwa hiari yao jambo ambalo wenzao wanalijutia. Ushauri ninaoweza kutoa ni huu: kati ya magari mawili ya aina moja, chukua lile lenye rimu ndogo. Mara nyingi ni la bei ya chini pia.

Kutoka kwenye rimu twende kwenye kile kitufe alichokiuliza mzee.

Gari la kawaida hubebwa na springi za chuma. Gari la fahari, likiwa la petroli au la umeme, mara nyingi hubebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Kuna pampu ndogo ya umeme inayousukuma upepo huo, mabomba membamba ya kuupitisha, vali za kuufungia, vipimo vya kuangalia urefu wa kila kona, na kompyuta ya kuamrisha vyote hivyo. Inapofanya kazi, ni raha tupu. Gari linaelea, likiwa barabara kuu linashuka ili kukata upepo, likiwa kwenye mashimo linapanda.

Shida ni kwamba mpira huzeeka. Hupata nyufa ndogo pale unapojikunja, na vumbi na mchanga vikiingia kwenye mikunjo hiyo huusaga kama msasa. Upepo unaanza kuvuja taratibu usiku. Asubuhi unakuta gari limelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Unawasha, pampu inalijaza upya, nawe unafurahi kwamba limepona. Kumbe pampu iliyotengenezwa kufanya kazi dakika chache sasa inafanya kazi kutwa, na baada ya muda nayo inaungua. Ndipo ugonjwa mmoja unapokuwa miwili.

Msikilizaji asidhani haya ni ya magari ya umeme tu. Ile Toyota Harrier iliyotoka mwaka 2003, ambayo watu wetu wameipachika jina la "tako la nyani", ilikuwa na matoleo ya bei ya juu yaliyobebwa na mifuko ya upepo. Land Cruiser ya mtindo wa 100, iliyoanza mwaka 1998, ilikuwa na matoleo yanayoinuka na kushuka kwa mafuta na gesi. Waulize mafundi wa Mwanza au wa Gerezani, Dar es Salaam, ni magari mangapi ya namna hiyo wamekwisha kuyang'oa mifumo hiyo na kuyafunga springi za kawaida. Mwenye gari aliuziwa raha ya kuelea, akailipia, kisha akamlipa fundi aiondoe. Na kile kitufe kimebaki pale pale kwenye dashibodi, ukikibonyeza hakuna kinachotokea.

Paa la kioo nalitaja kwa kifupi. Paa linalofunguka haliwi kavu kabisa. Limewekewa mfereji kuzunguka ukingo wake, na mabomba membamba kwenye kona ya kuyateremsha maji ndani ya nguzo za gari hadi chini. Vumbi likiziba mabomba hayo, mvua ya kwanza inateremkia ndani, kwenye viti na kwenye nyaya. Watu wengi hudhani kioo kimevunjika au gundi imeachia, wakajaza gundi juu ya gundi. Kumbe dawa ilikuwa kuzibua mabomba kwa waya laini.

Sasa nieleze jambo ambalo linanigusa mimi mtu wa redio. Mjapani aliyenunua gari la fahari mwaka 2005, kwa mfano, alilipa fedha nyingi apate redio nzuri, ramani ya kwenye kioo, na kifaa kidogo cha kulipia barabara za haraka bila kusimama. Gari lile limefika kwetu na vyote hivyo. Ramani ni ya Japani, na maelezo yake ni ya Kijapani. Kile kifaa cha kulipia barabara, kila gari likiwashwa, sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa adabu, kwa Kijapani, kwamba hujaingiza kadi. Watoto hufurahi na kumwitikia, lakini kazi nyingine hana.

Redio yenyewe ndiyo kichekesho kikubwa. Kule Japani matangazo ya FM yalipangiwa megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu ni kati ya 87.5 na 108. Maana yake ni kwamba redio ile ya gharama, yenye spika nane au kumi na sauti kama ya ukumbi wa muziki, inapokea kipande kidogo tu cha mwisho. Kituo chochote kilichoko megahezi 95 au 102 hakisikiki kabisa. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena kinachoyashusha masafa yetu ili redio ya Kijapani iyasikie. Kinasaidia, ingawa nacho hakiyafikishi masafa yote kwa pamoja. Wengi wameishia kung'oa redio nzima na kufunga nyingine. Yawezekana kabisa kwamba wapo wenye magari ya fahari wasioweza kutusikia asubuhi hii, wakati mama muuza samaki mwenye redio ya betri mbili anatusikia vizuri. Namshukuru kwa kutusikiliza.

Hivyo ni vikorombwezo vya chuma na waya. Vile vya kizazi kipya ni vya namna nyingine kabisa, na ndivyo vilivyoleta majuto makubwa huko Ughaibuni. Havishikiki kwa mkono. Ni programu za kompyuta.

Kinachojulikana kuliko vyote ni kile ambacho Tesla ilianza kukiuza mwaka 2016 kwa jina la Full Self-Driving, maana yake kujiendesha kikamilifu. Mteja alilipa mapema, kwa ahadi kwamba kazi yenyewe itakuja baadaye kupitia intaneti. Bei ilipandishwa mara kwa mara. Septemba 2022 ilifika dola 15,000 huko Amerika Kaskazini, karibu shilingi milioni 35 za mwaka huo. Wapo walioharakisha kununua kwa kuogopa kwamba kesho itapanda tena. Septemba 2023 ikashushwa kuwa dola 12,000, na Aprili 2024 ikawa 8,000. Aliyenunua kwa 15,000 alibaki anahesabu kwenye vidole. Mwaka huo huo wa 2024 kampuni iliongeza kwenye jina neno la kuonyesha kwamba dereva lazima asimamie. Yaani inajiendesha kikamilifu, lakini wewe usiondoe macho barabarani!

Lililowauma wengi zaidi ni kwamba malipo yalifungwa kwenye gari, hayakufungwa kwa mtu. Ukiuza gari lako la zamani ili ununue jipya, ile programu uliyoilipia na kuingoja kwa miaka inabaki kwenye gari la zamani, na kwenye jipya unaanza kulipa upya. Mwaka 2023 kampuni ilifungua mlango kwa miezi michache kuruhusu watu kuhama nayo, baada ya malalamiko mengi. Januari 2025 mkuu wake, Elon Musk, akakiri kwamba kompyuta zilizomo katika magari mengi ya miaka ya nyuma hazitatosha, na kwamba waliolipia programu hiyo itabidi wabadilishiwe. Watu walikuwa wamelipia kitu ambacho gari lao halikuwa na uwezo wa kukibeba.

Nami naongeza la kwetu. Programu ya namna hiyo hufundishwa kwa picha za barabara za huko: mistari myeupe, taa za rangi tatu, mabango. Barabara inayopita Kewanja ina ng'ombe mia wanaokwenda kunywa maji, mtoto mchungaji mwenye fimbo upande huu na mbwa wake upande ule, bodaboda yenye abiria watatu na godoro, na lori linalokuja katikati kwa sababu pembeni pameliwa na maji. Dereva wetu husoma macho ya yule mtoto ili ajue kama ng'ombe wa mwisho atavuka au atarudi. Sijui kamera gani inaweza kusoma hayo.

Mnunuzi wa mkono wa pili ana hatari yake ya pekee hapa, na naomba msikilizaji atege sikio. Mwanzoni mwa mwaka 2020 kulitokea kisa huko Marekani kilichoandikwa sana. Mtu alinunua Tesla Model S iliyotumika kutoka kwa mfanyabiashara wa magari, ambaye naye aliinunua kwenye mnada wa kampuni yenyewe. Gari lilipouzwa lilikuwa na programu hizo, zenye thamani ya dola 8,000, na ziliandikwa kwenye karatasi. Baadaye kampuni ikazifuta kutoka mbali, kwa njia ya intaneti, ikisema kwamba hazikuwa zimelipiwa. Habari ilipovuma magazetini, zikarudishwa. Fikiria umenunua ng'ombe mwenye maziwa, umemfikisha zizini, halafu mwenye ng'ombe wa kwanza anabonyeza kitufe akiwa kwake na maziwa yanakauka. Huyo Mmarekani alikuwa na magazeti ya kumsemea. Mnunuzi wa Tarime atamlalamikia nani?

Kutoka hapo makampuni yakapiga hatua nyingine, ya kukodisha vikorombwezo vilivyomo tayari ndani ya gari lako. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza katika baadhi ya nchi kutoza ada ya kila mwezi kwa viti vyenye joto. Nyaya za kupasha joto zimo kitini, umekwisha kuzinunua pamoja na gari na unazibeba kila siku, lakini hazipati moto mpaka ulipe. Huko Uingereza ilikuwa pauni 15 kwa mwezi. Watu walikasirika, na mwaka 2023 kampuni ikatangaza kuachana na ada hiyo. Mercedes-Benz nayo, kwa gari lake la umeme la EQS, iliwatoza Wajerumani euro 489 kwa mwaka ili magurudumu ya nyuma yakate kona kwa nyuzi 10 badala ya nne na nusu, ingawa chuma ni kile kile. Huko Marekani ikaja ada ya dola 1,200 kwa mwaka ili gari liondoke kwa kasi zaidi. Watetezi wa utaratibu huo husema mteja anapata uhuru wa kulipia anachokihitaji kwa wakati anaokihitaji. Siwezi kukubaliana nao. Mtu aliyejenga nyumba kisha akalipishwa kodi ya kufungua dirisha lake mwenyewe hajapewa uhuru wowote.

Kuna hata usukani. Mwaka 2021 Tesla iliweka usukani uliokatwa juu, kama wa ndege, kwenye magari yake makubwa. Ulionekana wa ajabu na wa kisasa, lakini kukata kona kali au kugeuza gari mahali pembamba ukawa usumbufu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 usukani wa mviringo ulirudi kuwa wa kawaida, ule wa ndege ukawa wa kuongeza dola 250, na waliokwisha kuuziwa wa ndege wakaambiwa walipe dola 700 kama wanataka mduara. Duara limegharimu dola 700.

Sasa umeme wenyewe. Hapa ndipo mtu wa kwetu anayetamani gari la umeme anapaswa kuwa na kalamu na karatasi, kwa sababu hesabu ni nyepesi na dalali hataifanya.

Hiyo EQS niliyoitaja, katika toleo lake la 450+ la miaka ya kwanza, ina betri ya karibu uniti 108. Uniti hizo ni zile zile tunazonunua kwa LUKU. Gari linakuja na chaja ya ndani ya kilowati 11, na mteja wa Ulaya aliweza kuongeza fedha apate ya kilowati 22, ili lijae kwa nusu ya muda. Ni kikorombwezo cha maana kikiwa mahali pake. Lakini chaja hizo zote mbili zinategemea umeme wa njia tatu, ule unaoendesha mashine za kusaga. Nyumba nyingi za kwetu zimefungiwa umeme wa njia moja. Volti 230 ukizizidisha kwa ampea 32, ambao ni mzigo mkubwa kwa nyumba ya kawaida, unapata kilowati 7 na kidogo. Gawanya uniti 108 kwa hizo, ni karibu saa 15. Kwenye soketi yenye ampea 16 ni kama saa 29, umeme usipokatika hata dakika moja. Kwa hiyo mwenye chaja ya 22 na mwenye chaja ya 11, wote wawili wakiwa Kewanja kwenye nyumba ya njia moja, wanachaji sawasawa. Tofauti yao ni kwamba mmoja amelipa zaidi.

Sisemi kwamba gari la umeme si la kwetu. Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115 limekamilika, treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na majirani zetu wa Nairobi na Kigali wana mabasi na pikipiki za umeme zinazofanya biashara. Magari hayo yatatufikia, na yatatufikia kwa njia ile ile ya Harrier, yaani yakiwa yametumika, pamoja na vikorombwezo vya watu wengine. Na serikali hutoza kodi juu ya thamani ya gari zima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 haviulizi kama ile sauti ya Kijapani unaielewa. Kila kilichopandisha bei ya gari kimepandisha na kodi.

Kwa hiyo anayetaka kununua asiulize gari lina nini, bali kila kilichomo kinafanya kazi wapi. Ramani inasoma lugha gani, na ina Tanzania ndani yake? Programu zimelipiwa mara moja, zinalipiwa kila mwezi, au zinakufa gari likibadilisha mwenyewe? Kama kuna mifuko ya upepo, je, springi za kawaida za gari hilo zinapatikana Mwanza, na kwa bei gani? Lizime gari jioni, upime kwa shubiri urefu wa kila kona kutoka juu ya tairi, urudi asubuhi upime tena kabla hujaliwasha. Muuzaji anayekataa jambo dogo kama hilo amekwisha kukujibu.

Na kuna majuto ya upande wa pili, ya vitu ambavyo watu hawakuviongeza. Nissan Leaf, gari dogo la umeme lililoanza kuuzwa Desemba 2010, katika toleo la bei ya chini huko Marekani tundu la kuchajia haraka lilikuwa la kulipia. Wapo walioliacha ili kuokoa fedha, na leo gari lao likifika kwenye kituo cha chaji ya haraka haliwezi hata kuunganishwa. Kulifunga baadaye ni kazi kubwa kuliko faida yake. Kabla hujamlipa mtu yeyote anayekuuzia Leaf, fungua kile kifuniko cha mbele uone kama matundu ni mawili au ni moja.

Kisha fungua buti. Magari ya Tesla hayatoki kiwandani na tairi la akiba, na magari mengi mapya ya umeme ni hivyo hivyo. Limeondolewa ili kupunguza uzito na kupata nafasi, na badala yake mteja hupewa kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo, au namba ya simu ya kuita gari la msaada. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Haizibi ubavu uliochanwa na jiwe la moramu, na gari la msaada halitatoka Musoma usiku kwa sababu ya pancha. Tairi kamili la akiba, jeki na spana ya nati za gurudumu ni kikorombwezo ambacho sijapata kumsikia mtu wa Mara akikijutia, na muuzaji akikwambia gari hilo halikutengenezewa mahali pa kuliweka, mwambie utalifunga juu ya paa.